KUOMBA BILA KUOMBA: FUNZO LA LAZARILLO DE TORMES

Tumezoea kusikia, hata madarasani, kwamba mzunguko katika kuomba ni adabu ya mdogo kwa mkubwa, basi. Mimi sikubaliani na hoja hiyo, na shahidi wangu ni Lazarillo de Tormes, riwaya ya Kihispania isiyo na jina la mwandishi, iliyochapishwa 1554.

Hebu tuanze na sarufi. Kihispania cha karne za kati kiliweza kulainisha amri kwa maneno ya mfano wa "ikikupendezeni", na mkubwa aliitwa vos. Vos lilipochakaa, watu wakashika vuestra merced, yaani "fadhila yako". Likatamkwa harakaharaka hata, katika karne ya 17, likawa usted. Sasa, cheo hicho ni nafsi ya tatu. Huwezi kukiamuru moja kwa moja. Unatumia umbo kama letu la "aniambie": dígame. Lakini leo dígame nayo ni amri ya kawaida kabisa! Anayetaka upole zaidi hukimbilia quisiera, "ningetaka", umbo lililotokana na wakati uliopita wa Kilatini.

Turudi kwenye riwaya. Masimulizi yote yanaelekezwa kwa Vuestra Merced, mkubwa asiyetajwa jina, aliyetaka aelezwe mkasa. Hapo mdogo ananyenyekea, sawa. Lakini sura ya tatu, jamani, kibao kinageuka. Mwungwana mmoja mjini Toledo hana hata kipande cha mkate. Mtumishi wake Lázaro ndiye anayeombaomba mitaani. Anapomwona kijana anatafuna kongoro la ng'ombe, haombi ng'o. Anamsifu jinsi anavyojua kula! Lázaro anaelewa, anamkaribisha. Na mtu huyohuyo aliwahi kumkasirikia fundi eti kwa kumsalimia kwa maneno yasiyofikia hadhi yake.

Kumbe mkubwa naye huzunguka, maana kuomba waziwazi kungemvua uungwana. Mwandishi anatuonyesha kuwa mzunguko hulinda hadhi ya mwombaji pia, si ya mwombwaji peke yake. Kwa hiyo, wahakiki wenzangu, tunapochambua mazungumzo ya wahusika tusiishie kuhesabu maneno ya heshima. Tuulize: ombi hili lingesemwa wazi, nani angeaibika? Mwenye hoja tofauti na ailete uwanjani.