Njia Tupu Kando ya Foleni

Foleni inapokaza, madereva wa Virginia na California huuliza swali lile lile: kwa nini njia ya kulipia, au ile ya magari yenye abiria zaidi ya mmoja, isifunguliwe kwa wote? Hoja ina mvuto. Aliyekwama anaona lami tupu ubavuni mwake, tena ya barabara ya umma.

Lakini utupu huo unadanganya. Njia moja ya barabara kuu hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa, mradi yanatembea. Yakisongamana, idadi hushuka. Ukiifungua saa ya foleni itajaa upesi. Mwenye gari peke yake atapata nafuu ya dakika chache, na basi lenye watu hamsini litakwama pamoja naye. Hao hamsini ndio wanaosahaulika katika mjadala huu.

Tozo ni ngumu zaidi kuitetea. Desemba 2017, barabara ya I-66 ya Virginia ilipoanza kumtoza dereva aliye peke yake, bei ilifika dola 40 katika wiki ya kwanza. (Kabla ya hapo kwa kawaida hakuruhusiwa kupita saa za msongamano mkubwa, jambo ambalo walalamikaji hawakupenda kulitaja.) Bei ya namna hiyo huwazuia kwanza wasio nacho. Kwetu Uganda, barabara mpya ya Entebbe ilianza 2022 kwa shilingi 5,000 kwa gari dogo, foleni iwepo isiwepo.

Basi iwekewe ukomo, na mapato yanunue mabasi. Kuifungua kwa wote kunastahili pale ajali inapoziba njia nyingine, polisi wakiwapo kuelekeza magari.