Jina la Biashara Linapogeuka Neno: "Biki" na Wenzake

Mwalimu wa Bukavu anayelifuta neno "biki" katika insha ya mwanafunzi na kuandika "kalamu" juu yake hudhani amekitetea Kiswahili. Makala haya mafupi yanakusudia kuonyesha kwamba sivyo. "Kalamu" yenyewe imetoka katika Kiarabu, nacho Kiarabu kiliipata kutoka Kigiriki, ambako maana yake ilikuwa tete. Mwalimu amefuta mkopo kwa mkopo. Tofauti ni umri tu.

"Biki" latokana na Bic, kampuni ya Kifaransa ya Marcel Bich, iliyoanza kuuza kalamu yake ya bei nafuu mwaka 1950. Kifaransa cha Ubelgiji na cha Kongo hulitumia jina hilo kwa kalamu yoyote ya aina hiyo. Kwetu limeongezewa irabu mwishoni, likaingia ngeli ya I-ZI: biki imeisha, biki zimeisha. Kipimo ni chepesi. Tukiweza kusema bila kujipinga kwamba "biki hii si ya Bic", jina limekwisha kuwa nomino ya kawaida. Vivyo hivyo, Watanzania husema "bajaji" hata pale chombo hicho cha magurudumu matatu kilipotengenezwa na TVS, mshindani wa Bajaj.

Hata hivyo, majina hayafuati njia moja. Nerf ni jina la mpira laini wa sponji uliouzwa Marekani kuanzia mwaka 1970. Wachezaji wa Ultima Online, mchezo wa kompyuta uliotoka mwaka 1997, walilalamika kwamba silaha zao zilizopunguzwa nguvu zilipiga kama za Nerf. Jina likawa kitenzi: kudhoofisha silaha au mhusika ili mchezo uwe na usawa. Hapo kilichohama ni sifa ya kitu, yaani ulaini. Katika "biki" iliyopanuka ni aina ya kitu. Tena Kiingereza hugeuza nomino kuwa kitenzi bila kiambishi, ilhali Kiswahili mara nyingi huomba msaada wa kitenzi kingine, kama katika "kupiga simu".

Hatusemi "kalamu" itupwe. Maana yake ni pana zaidi, nayo ndiyo ya usanifu. Twasema mwalimu aeleze mahali pa kila neno badala ya kufuta. Mtoto anayekosolewa kwa neno alilotumwa nalo dukani na mama yake hujifunza kwamba Kiswahili cha kwao si Kiswahili. Hasara hiyo yazidi ya neno moja.