"Ardhi" Moja, Maana Tatu

Neno ambalo mafundi wetu hulitamka "ethi" limefasiriwa "ardhi" katika maandishi mengi ya ufundi, na tafsiri hiyo imekubalika kwa wepesi mno. Kwa waya unaoshuka kutoka nyumbani hadi kwenye fimbo ya shaba iliyopigiliwa mchangani, haina kasoro. Kasoro huanza inapoingizwa katika saketi za kunyoosha mkondo, yaani zile za rekitifaya. Humo neno la asili lina maana tatu: udongo wenyewe, bodi ya chuma ya chombo, na nukta ambayo msanifu ameiita sifuri ili volteji nyingine zihesabiwe kutoka hapo. Maana hii ya tatu haina udongo hata chembe.

Volteji ni tofauti baina ya nukta mbili. Tabora iko mita zipatazo 1,200 juu ya usawa wa bahari, lakini mchimba kisima wa Mtendeni haanzi kuhesabu kina chake kutoka Bagamoyo, ingawa njia ya misafara iliiunganisha miji hiyo miwili. Huanzia uani. Vipimo vyote viwili ni sahihi, mradi pametajwa mahali vilipoanzia.

Sasa tuchukue sentensi ya aina hii: "Pima volteji kati ya ncha chanya na ardhi." Mwanafunzi mtiifu wa ufundi, hapo Mtendeni au kwingineko, ataupeleka waya mweusi wa voltimita kwenye tundu la ardhi la soketi. Ikiwa saketi imetengwa na transfoma, na upande wake wa pili haukufungwa na udongo, namba atakayoisoma haina maana yoyote. Ikiwa diodi nne zimeungwa moja kwa moja kwenye umeme wa volti 230, bila transfoma wala kapasita, mambo ni mabaya zaidi. Kilele cha umeme huo ni volti 325 hivi. Kati ya ncha chanya na ncha hasi wastani ni kiasi cha volti 207. Kati ya ncha chanya na udongo ni kiasi cha volti 103 tu. Nusu ya pili haikupotea. Waya wa nyutro umefungwa na udongo huko kwenye transfoma ya mtaa, na katika nusu moja ya kila mzunguko diodi huiunga ncha hasi na waya wa moto; kwa hiyo ncha hasi nayo iko kwa wastani volti 103 chini ya udongo. Mwanafunzi atahukumu kwamba diodi mbili zimekufa. Atanunua nyingine, na kipimo hakitabadilika.

Hayo ni hasara ya fedha tu. Mwenzake aliyeambiwa kwamba ncha hasi ndiyo "ardhi" ataiunga na waya wa ardhi wa ukutani, na hapo atakuwa ameupitisha waya wa moto hadi udongoni kwa diodi moja. Wa tatu ataigusa kwa mkono, kwa kuwa amefundishwa kwamba ardhi haina umeme.

Watakuwapo watakaodai kwamba muktadha unatosha. Hautoshi, na wachora michoro walilitambua hilo zamani: wana alama ya mistari mitatu inayopungua kwa udongo, alama yenye miguu ya mshazari kwa bodi, na pembetatu tupu kwa sifuri ya saketi. Mfasiri anayeandika "ardhi" chini ya zote tatu anafuta tofauti iliyokwisha kuonekana kwa macho.

Pendekezo letu ni kwamba "ardhi" libaki kwa udongo na waya wake. "Bodi" lichukuliwe kama lilivyo vinywani mwa mafundi. Sioni haja ya kulitafutia badala lenye asili ya Kiarabu ili lionekane la kitaalamu. Kwa maana ya tatu, "sifuri ya saketi" yafaa kuliko "rejeo", ambalo mwalimu atalazimika kulieleza upya kila somo. Sentensi yetu basi isomeke: "Pima volteji kati ya ncha chanya na sifuri ya saketi." Na kwa kuwa michoro mingine huzichanganya alama zenyewe, mfasiri amwulize fundi kabla ya kuchagua neno.