Mgeni Asiyebadilishwa Vazi

Tunapotafuta jina la ile programu inayoifanya kompyuta moja iwe nyingine kabisa, wengi wetu hukimbilia "kiigaji". Neno hilo halituridhishi. Kuiga, katika sikio la Mswahili, ni kazi ya kasuku: sauti hufanana, undani haupo.

Hebu tuitazame QEMU, aliyoitunga Mfaransa Fabrice Bellard na kuitoa mwaka 2003. Haichori sura ya mashine. Huijenga yote, kuanzia kichakataji na kumbukumbu hadi diski, kibodi na saa. Amri za mashine ile huzisoma fungu kwa fungu, huzifasiri ziwe amri za mashine iliyopo, na tafsiri huiweka akiba isije ikairudia kazi. Mfumo endeshi huingia humo bila kuguswa hata herufi moja, nao haujui kuwa uko ugenini. Xen, iliyotoka Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka huo huo, ilianza kwa sharti la kinyume: mfumo urekebishwe kwanza, ndipo upokewe. Kasi iliyopata kwa njia hiyo hatuikani.

Mafundi huuita mfumo unaopokewa mgeni, na kompyuta inayoupokea mwenyeji. Hapo lugha yetu ina la kusema. Nchelenge, ufukoni mwa Ziwa Mweru upande wa Zambia, Kibemba ndicho kinachosikika zaidi. Ng'ambo, Kilwa na Pweto za Kongo, watu husema Kiswahili. Mchuuzi wa Nchelenge akimjibu mvuvi wa ng'ambo kwa Kiswahili kile kile cha huko, hatusemi amemwiga, twasema amemkaribisha. (Jembe ambalo methali humpa mgeni siku ya tatu, Xen ilimkabidhi mlangoni.) Basi na tuseme "kikaribishi", hata wenzetu wakitucheka.

Wala jambo hili si la istilahi pekee. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Istilahi zake ni ushahidi wa namna tulivyofikiri wakati ule. Kuzinakili katika orodha hakutoshi, kwani neno la menyu husomwa pamoja na jirani zake na kitendo kinachofuata likibonyezwa. Kuzisahihisha ni vibaya zaidi. Mwalimu anayetaka kuzihakiki na aiwashe programu yenyewe, ndani ya mashine ya zama zake iliyojengwa upya, aone mwandishi wa barua wa mwaka 2004 aliona nini alipofungua ukurasa mtupu.