Manyani wa Adili

Nilisoma Adili na Nduguze ya Shaaban Robert nikiwa darasa la tano, katika nakala ya baba iliyokwisha kupoteza jalada. Kilichonibaki kichwani miaka yote hii ni kile kipigo. Adili, mtawala wa Janibu, mtu mpole asiyesifika kwa ukali, kila usiku anawaendea manyani wawili, anawacharaza mpaka walie, kisha anawapa chakula. Nilikuwa napapenda pale kuliko pote. Nilijua manyani wale ni kina nani: ni nduguze, Hasidi na Mwivu, waliotapanya urithi wao, wakagawiwa tena na ndugu yao, na mwisho wakamtupa baharini kwa sababu ya Mwelekevu. Huria, jini aliyemwokoa, akawageuza manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Kwa umri ule, ningeombwa kushika mjeledi ningeshika.

Mwaka huu nimekirudia kwa ajili ya semina. Nilikifungua kwa raha, kama mtu anayerudi nyumbani likizo, na sikufika mbali kabla ya kukwama. Karibu yote tunayoyajua juu ya uovu wa Hasidi na Mwivu tunayapata kwa Adili. Ikibali, mjumbe wa mfalme, anashuhudia kipigo na kupeleka habari kwa Rai. Rai anamwita Adili ajieleze, naye anajieleza, kurasa kwa kurasa. Yeye ndiye anayeshukiwa ukatili, na yeye ndiye shahidi. Wenzake wawili wamo palepale barazani, ila nyani hasimulii. Wanaporudishiwa umbo la kibinadamu, kesi imekwisha kusikilizwa.

Halafu majina. Sekondari tulifundishwa kwamba wahusika wa Shaaban Robert wanabeba tabia zao katika majina. Tukaandika hivyo kwenye mtihani, tukapata alama, tukasahau. Sasa yatazame. Hasidi limetoka Kiarabuni, Mwivu ni letu la Kibantu, na maana yake ni moja. Watu wazima wawili hawana hata kosa la kuwatofautisha! Na mtoto aliyeitwa Mwivu tangu utotoni angekua vipi? Huria naye, neno tunalolitumia leo katika soko huria, ndiye anayewafungia watu ndani ya ngozi ya nyani. Napenda kuamini kwamba mzee aliuona utani huo, akaunyamazia.

Sisemi kitabu kimenichefua. Kisa chenyewe kina asili katika Alfu Lela Ulela, na kule wanaopigwa ni mbwa. Shaaban Robert aliwafanya manyani. Nyani ana viganja, ana uso, akilia anakaribia mno kulia kama sisi. Anayembadilisha mbwa kuwa nyani anataka fimbo imuume na msomaji. Kitabu kilitoka 1952. Mwandishi alikuwa karani wa serikali ya kikoloni, katika nchi ambayo viboko vilikuwa adhabu halali. Na kuna sharti moja nililolirukia nilipokuwa mdogo: Adili akiacha kupiga usiku mmoja, adhabu itamgeukia yeye. Kumbe hapigi kwa hasira wala kwa haki. Anatekeleza amri. Ni mtu mwema aliyepewa kazi mbaya, na mkono uleule unaopiga ndio unaolisha. Kwangu, hapo ndipo kitabu kina nguvu zaidi kuliko katika mawaidha yake yote. Udhaifu wake ni haraka ya kutaka kila mtu atengenee mwishoni. Toba inakuja rahisi kuliko kipigo kilivyokuja.

Nina sababu nyingine ya kukwama. Umeme ulipokatika nilikuwa namsomea mdogo wangu kitabu hiki kwa taa ya chemli. Mwezi huohuo kiatu changu kimoja cha shule kilipotea, nikasema amekificha yeye, nikamwita Mwivu. Jina likashika. Shangazi zetu walilitumia wakicheka mpaka alipomaliza kidato cha nne. Kiatu hakikuonekana tena, na hakuna aliyewahi kumuuliza.

Yeye aliishia kidato cha nne, sasa anaendesha bodaboda. Ada iliyokuwepo ilinitosha mimi. Wiki iliyopita nilimpigia simu, nikamuuliza kama anakikumbuka kile kitabu cha baba.

“Cha manyani?” akasema. “Nakikumbuka, dada. Nilikuwa nasubiri waongee. Wewe ukawa unafunga kitabu kila wakishapigwa, unasema tulale.”

Nikamuuliza kuhusu kiatu. Akanyamaza kidogo, nikasikia honi za barabarani.

“Mbwa wa jirani,” akasema. “Nilimwona nacho. Subiri kidogo, nina abiria hapa.”