Motokaa za Marekani katika Filamu ya "Hatari!"

Filamu ya Howard Hawks iitwayo Hatari!, iliyopigwa Tanganyika kabla ya Uhuru wa 1961 na kutolewa mwaka 1962, haifiki Ziwa Viktoria. Mbuga zake ni za upande wa Arusha. Lakini mtu wa Mwanza, aliyekulia kando ya malori ya pamba, huitazama kwa jicho lake mwenyewe. John Wayne apita mbele yake, naye anatazama madigadi.

Na madigadi yenyewe yastahili kutazamwa. Gari kubwa la kukamatia wanyama ni Dodge Power Wagon, uzao wa gari la jeshi la Vita Kuu ya Pili. Kando ya boneti pamefungwa kiti, na mwenye kukikalia hushika ufito wenye kitanzi huku gari likimfukuza twiga au kifaru. Wapenzi wa motokaa za kale hufurahi mno hapa, wala kazi yao si mchezo mtupu. Wafanya kama mhakiki wa miswada, achunguzaye karatasi na wino, yaani mambo ambayo mwandishi hakukusudia kutueleza. Usukani ukiwa kulia, gari liliundwa kwa nchi kama zetu, ambako magari hupita kushoto. Jina, hata hivyo, huweza kudanganya. Power Wagon iliuzwa ng'ambo kwa majina ya Fargo na De Soto pia, chuma kile kile. Na Bedford, ambalo wengi wangeliita gari la Kiingereza tu, liliundwa na Vauxhall, iliyonunuliwa na General Motors ya Marekani mwaka 1925. Mwanafunzi wa lahaja hatastaajabu.

Shutuma yangu ni moja. Wapenzi hao hulitaja gari kwa aina na mwaka wake, lakini Watanganyika washikao kamba katika picha ile ile hawaulizwi majina. Kosa hili, kwa kweli, limeanza katika filamu yenyewe: imeazima jina kwetu, kisha maneno karibu yote ikawapa wageni. Ilhali madigadi, boneti na utingo ni maneno yaliyokomaa vinywani mwa watu wa namna hiyo hiyo, madereva na wapakiaji wa marobota. Mimi ningelisikiliza kwa hamu zaidi mazungumzo yao kando ya Dodge lile kuliko mapenzi ya Wayne na Elsa Martinelli, ambayo yamerefushwa kupita kiasi.