Sauti ya Mgonjwa katika Fasihi ya Ukimwi

Msomaji wa tamthilia na riwaya za Kiswahili zilizotungwa kuhusu ukimwi hukutana na jambo moja mara kwa mara, nalo ni kwamba mgonjwa hunena kidogo mno. Huonwa akikonda, hulaumiwa, huhurumiwa, kisha huzikwa. Lakini neno lake mwenyewe ni haba. Makala haya hayakusudii kupitia vitabu vyote vya aina hiyo. Nia yetu ni kuchunguza viwili vitatu, pamoja na msamiati unaotumika nje ya vitabu, ili tuone sauti hiyo ilipotelea wapi, na ni mahali gani ambapo ingali ikisikika.

Tuanze na Kilio Chetu, tamthilia iliyotoka Tanzania katika miaka ya 1990 na ambayo imesomwa na wanafunzi wengi wa shule za sekondari za nchi hiyo. Mtunzi wake anayetajwa jaladani si mtu bali ni shirika, Medical Aid Foundation. Jambo hili si dogo kwa mhakiki. Shirika lina ujumbe wa kuufikisha kabla halijawa na wahusika, na ujumbe huo ndio unaowachagua wahusika. Ubora wa tamthilia hii ni ujasiri wake: inawashtaki wazazi wanaoona haya kuwaeleza watoto wao mambo ya mwili, na mabishano ya wazazi hao yameandikwa kwa lugha hai, lugha ya uani na ya barazani, hata msomaji hujihisi amesimama dirishani akisikiliza. Lakini Joti, kijana anayeambukizwa, yumo ili afe na wazazi wapate kuelimika. Maradhi yenyewe yamechorwa kama dubwana lililouvamia mji. Dubwana hupigwa vita. Aliyekwisha kumezwa na dubwana haulizwi maoni yake.

Orodha ya Steve Reynolds, ambayo ni tafsiri, inakwenda hatua moja mbele. Furaha ameacha barua isomwe mazikoni pake, na kijiji kizima kinatetemeka kwa kudhani kuwa ndani yake mna majina ya wanaume. Wapo wanaofanya kila hila waipate barua hiyo kabla haijafunguliwa. Inaposomwa, orodha inageuka kuwa ya yale ambayo yangeweza kumwokoa marehemu. Huu ni ufundi wa kweli, kwani kicheko cha mtazamaji kinamrudia mwenyewe. Hata hivyo, Furaha amepewa ruhusa ya kusema akiwa jenezani. Angelisimama uwanjani akiwa hai na kuyasema hayo hayo, je, watu wa kijiji chake wangemsikiliza? Tamthilia haijalikabili swali hilo, na kwa maoni yetu ndilo swali lililo gumu kuliko yote.

Huenda tukaambiwa kwamba tunawaonea watunzi hawa. Katika miaka ya 1990 dawa za kupunguza makali ya virusi hazikuwafikia wananchi wa kawaida, na mauti yalikuwa ndiyo habari ya kila wiki. Msanii aliyeonyesha kaburi hakusema uongo. Hoja hii ina uzito, na tunaikubali nusu. Nusu ya pili tunaikataa kwa sababu ya mambo yaliyotokea karibu nasi, na mapema. Nchini Uganda, mwaka 1987, Noerine Kaleeba na wenzake, ambao kadhaa kati yao walikuwa wameambukizwa, waliunda chama cha TASO ili waambukizwa na jamaa zao wauguzane na kufarijiana. Mwaka 1989 mwanamuziki Philly Lutaaya alijitangaza hadharani kuwa ana ukimwi, akautumia muda uliomsalia kuimba na kuzungumza na wanafunzi na waumini mpaka alipofariki mwezi wa Desemba mwaka huo huo. Kwa hiyo mgonjwa anayesema alikwisha kuwapo katika Afrika Mashariki hata kabla ya tamthilia tulizozitaja. Kilichokosekana ni mtunzi wa kumpa nafasi jukwaani.

Ama kuhusu msamiati, hapo ndipo tatizo lilipojificha zaidi. Magazeti ya Kenya hupenda neno mwathiriwa. Umbo lake ni la kutendwa: kuna kilichoathiri na kuna aliyeathiriwa, basi. Wengine hutumia mhanga, neno la kafara. Mhanga ni yule anayetolewa ili wengine wasalimike, na kumwita mgonjwa hivyo ni kumchinja kabla ya siku yake. Mwaka 1983, wagonjwa waliokutana Denver, Marekani, walikataa kuitwa kwa jina la namna hii katika lugha yao, na kutokana na msukumo wa aina hiyo ndipo lilipokuja pia kwetu fungu la maneno "watu wanaoishi na virusi". Wapo wanaolidharau kuwa refu na la kiofisi. Sisi twaona kwamba Kiswahili kimelitajirisha. Mtu huishi na mkewe, na nduguye, na mpangaji asiyelipa kodi; kuishi na kitu ni kukijua tabia zake na kujua namna ya kukidhibiti. Hata jina la ugonjwa lina funzo. Wengine huufafanua ukimwi kuwa ni ukosefu wa kinga mwilini, na wengine husema upungufu. Aliyekosa hana kitu; aliyepungukiwa aweza kuongezewa. Tangu dawa zipatikane, neno la pili ndilo lililo karibu zaidi na hali ya mambo.

Lakini hakuna mahali ambapo sarufi imewaumiza watu kuliko katika neno hatari. Wanaofanya biashara ya ngono, wanaume wanaojamiiana na wanaume, na wanaojidunga dawa za kulevya huandikwa katika maelezo ya kiafya kuwa ni "makundi yaliyo hatarini". Kiambishi -ni kinaonyesha mahali: hatari iko, na watu hawa wamo ndani yake. Kiambishi hicho kikidondoka, nacho hudondoka mara nyingi katika hotuba na katika magazeti, tunabaki na "makundi hatari", na mara moja anayestahili kulindwa amegeuka kuwa wa kujilinda naye. Wala si wasemaji peke yao waliokuwa na mtazamo huo. Sheria ya Kenya ya mwaka 2006 kuhusu ukimwi ilikuwa na kifungu cha 24, kilichomlazimisha aliyeambukizwa kuwafichulia hali yake wale anaokutana nao kimwili, kwa tishio la adhabu. Mwaka 2015 Mahakama Kuu ilikitangaza kuwa kinakiuka katiba, na sababu mojawapo ilikuwa ya kilugha: maneno yake hayakuwa wazi kiasi cha mtu kuweza kujua amekatazwa nini.

Mwanamke anayefanya biashara ya ngono alikuwa na sura yake katika fasihi yetu tangu kabla ya ukimwi. Katika Rosa Mistika (1971) Kezilahabi alimfikisha Rosa kwenye kujiua. Said Ahmed Mohamed, katika Utengano (1980), alimwonea huruma zaidi Maimuna, akaelekeza lawama kwa baba mtu, Maksuudi. Ukimwi ulipofika ukaikuta njia imekwisha kulimwa: mwanamke wa namna hii akawa mtego, au chanzo cha maradhi, au onyo. Tulinganishe na yaliyotendeka Pumwani-Majengo, hapa Nairobi. Mtaa huo wa Waswahili una historia ndefu ya wanawake walioitwa malaya, na Luise White, katika kitabu chake cha mwaka 1990, ameonyesha kuwa wengi wao walikuwa wenye nyumba, waliowauzia wanaume wa mjini si kitanda tu bali pia chai, chakula na maji ya kuoga. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi na wa Manitoba, Kanada, walianza kuwachunguza wanawake wa mtaa huo. Muuguzi na mwalimu Elizabeth Ngugi alikwenda kwao kwa njia nyingine: aliwakusanya barazani, nao wakawa na viongozi wao wenyewe na kufundishana matumizi ya mipira. Ripoti iliyochapishwa mwaka 1988 ilionyesha kwamba mafunzo hayo yalizuia maambukizi mengi.

Dunia ya sayansi inawakumbuka wanawake hao hasa kwa damu yao, kwa kuwa baadhi yao hawakuambukizwa ingawa walikabiliwa na virusi mara nyingi. Lile baraza halikumbukwi sana. Nasi tuliokuwa umbali wa safari fupi ya basi, wenye kazi ya kusikiliza maneno ya watu, hatukuandika tamthilia kulihusu.

Maneno hayo yapo lakini, na yana fani yake. Katika vikundi vya waambukizwa, msemaji wa ushuhuda huanza kwa jina lake na hesabu ya miaka tangu alipopimwa. Huja siku ya majibu, na humo mambo madogo hubeba uzito: rangi ya kiti, basi alilopanda akirudi. Kisha huja mtu wa kwanza kuambiwa, na jinsi alivyopokea. Wasikilizaji huitikia, humtania, na humsahihisha akijisifu mno. Kitenzi kikuu ni cha wakati uliopo. Tuna mtambaji, hadhira, muundo na papo kwa papo. Tungekuwa tunazungumzia ngano, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angekwisha kutaja sifa hizo zote. Hata hivyo mikusanyo tunayofundishia ina vitendawili, methali na nyimbo za jando, na ushuhuda haumo. Hatusemi kuwa kila ushuhuda ni sanaa njema. Upo uliochakaa kwa kurudiwa mbele ya wageni wenye fedha, ambapo mtu hulia mahali palipozoeleka kisha hupewa nauli. Kuutambua huo na kuutenga na ule wa kweli ni kazi ya mhakiki, na haijafanywa.

Kazi hiyo haiwezi kungoja. Mwezi wa Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada yake ya nje, baadhi ya vituo vya afya vilivyowahudumia watu wa makundi haya nchini Kenya vilifungwa, na waliovitegemea wakaelekezwa kwenye hospitali za umma. Katika vituo hivyo mhudumu alikuwa mara nyingi mwenzao. Sasa mwanamke wa Majengo anapanga foleni pamoja na kila mtu, na karani aliye dirishani, ambaye huenda alifundishwa Kiswahili na mmoja wa wanafunzi wetu, atamwita kwa jina fulani kwa sauti ambayo foleni nzima itaisikia.